Viwanda 12 na ghala lisilo na fedha: uchambuzi wa kisa cha korosho ya Mtwara na Lindi

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho ghafi tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani 16,500 hivi. Ndani ya kipindi hichohicho cha kuporomoka, nchi ilikuwa ikijenga viwanda vya kubangua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikuwa 12, vingi kusini: Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Mtama, Nachingwea na Tunduru, vingine Kibaha na Dar es Salaam. Mitambo ilitoka Italia na Japani, sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kwa pamoja viwanda hivyo viliweza kubangua tani 113,000 kwa mwaka. Mashine za tani 113,000 zikasubiri zao la tani 16,500. Baadhi hazikuwahi kupata msimu mmoja kamili wa kazi. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990, majengo yakauzwa kwa watu binafsi na mengi yakageuka maghala.

Simulizi inayosikika sana kusini ni kwamba viwanda vilikufa kwa sababu mitambo ilikuwa mibovu na wasimamizi wabovu. Mitambo kweli ilivunja korosho nyingi mno. Lakini kiini kilikuwa shambani. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima ilishuka hadi ikawa haina maana kutembea kilomita kadhaa kwenda kufyeka chini ya miti. Kisha ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, ukaingia, ukakausha maua, na miti isiyohudumiwa ikawa mahali pa ugonjwa kukaa. Utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, kuhusu salfa, upogoaji na miche bora ndio uliolirudisha zao hilo kidogokidogo.

Leo tatizo la malighafi halipo tena. Msimu wa 2017/18 ulipita tani 310,000 na ule wa 2024/25 ukapita tani 500,000. Hata hivyo sehemu kubwa kabisa ya korosho hiyo inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Kwa hiyo kisa hiki kinauliza jambo moja: kama korosho ipo, watu wapo, gati jipya la Mtwara lipo na soko la dunia lipo, nini kinazuia kubangua? Jibu letu ni kwamba kiwanda cha korosho kinaishi au kinakufa ghalani, kabla korosho ya kwanza haijaingia kwenye mvuke. Mkakati wowote wa viwanda wa mikoa hii unaoanza na mashine utarudia kosa la miaka ya 1970, safari hii kwa njia nyingine.

Miezi mitatu ya kununua, kumi na miwili ya kubangua

Korosho ya kusini inaanguka kuanzia Oktoba, na minada mikubwa inakwisha Desemba au Januari. Mkulima anapeleka korosho yake AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, AMCOS inaipeleka ghala kuu, chama kikuu kinachounganisha AMCOS kinaiuza mnadani, na mnunuzi analazimika kulipa ndani ya siku chache. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho msimu wa 2007/08, na tangu 2024/25 mnada unapitia mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania. Kwa mkulima, mfumo huu una ulinzi mkubwa kuliko mnunuzi wa mlangoni.

Kwa mwenye kiwanda una maana nyingine. Anayetaka kubangua mwaka mzima lazima anunue chakula cha mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, kwa fedha taslimu.

Kuna jambo la pili ambalo halizungumzwi vya kutosha. Ivory Coast, Ghana, Nigeria, Guinea-Bissau, India, Vietnam na Kamboja huvuna kati ya Februari na Juni. Korosho ya Tanzania na Msumbiji inatoka wakati maghala ya Asia yanaelekea kwisha. Ndiyo maana inagombewa. Kiwanda cha Vietnam kinanunua korosho yetu ya bei ya juu ili mashine zisisimame, halafu kinaichanganya katika hesabu zake na ya Afrika Magharibi iliyo rahisi zaidi. Kiwanda cha Mtwara hakina pa kuchanganyia. Kinachobangua mwezi wa Agosti ni ileile kilichonunua Novemba, kwa bei ya Novemba, pamoja na riba ya miezi tisa.

Hesabu ya kiwanda kimoja

Tuchukue kiwanda cha wastani cha tani 2,500 za korosho ghafi kwa mwaka, yaani tani 8.3 hivi kwa siku kwa siku 300 za kazi. Bei ya mfano iwe Sh 3,000 kwa kilo. Malighafi ya mwaka inagharimu Sh bilioni 7.5. Mashine za kiwanda cha namna hiyo zinalipiwa mara moja na kudumu miaka. Hizi bilioni 7.5 zinatakiwa upya kila Oktoba.

Benki ikitoza asilimia 15 na mkopo wote ukalipwa mwisho wa mwaka, riba ni Sh bilioni 1.125. Hiyo ni Sh 450 kwa kila kilo ya korosho ghafi. Kwa kuwa kilo 100 za ghafi hutoa kilo 24 hivi za korosho karanga (kiini kilichotolewa ganda) kiwanda kikifanya kazi vizuri, riba peke yake inaweka Sh 1,875 kwenye kila kilo ya korosho karanga. Mkopo huohuo ukipunguzwa kila mwezi kadiri ghala linavyopungua, deni la wastani ni nusu, na riba inashuka hadi Sh milioni 562. Benki ni ileile na asilimia ni ileile. Tofauti ya zaidi ya nusu bilioni inatoka kwenye namna mkataba ulivyoandikwa.

Ongeza unyaufu. Korosho iliyoingia ghalani ikiwa na unyevu wa asilimia 10 na kutoka ikiwa na asilimia 8 imepoteza uzito wa asilimia 2.2 hivi. Katika tani 2,500 ni tani 54, na kwa bei yetu ya mfano ni Sh milioni 163 zilizoyeyuka bila mtu kuiba chochote. Mara nyingi unyaufu huu unaleta ugomvi kati ya AMCOS, mwendesha ghala na mnunuzi, kwa sababu hakuna aliyeandika unyevu siku ya kupokea. Kipima unyevu kinachofanya kazi katika kila AMCOS, na safu ya unyevu katika kila stakabadhi, ni uwekezaji mdogo kuliko semina moja ya wadau.

Kisha kuna kuvunjika. Korosho karanga nzima huuzwa ghali, iliyovunjika huuzwa kwa bei ya kutengenezea biskuti na chokoleti. Tuseme nzima ni dola 6 kwa kilo na vipande dola 4. Kiwanda kinachopata nzima asilimia 70 kinaingiza dola 540 kwa kila kilo 100. Kinachopata asilimia 55 kinaingiza dola 510. Kwa tani 600 za korosho karanga kwa mwaka tofauti ni dola 180,000, au Sh milioni 450 kwa kiwango cha Sh 2,500 kwa dola.

Weka hizo tatu pamoja. Kiwanda chenye mkopo mbaya na ufundi hafifu kinabeba mzigo wa Sh bilioni 1.74 kabla hakijalipa mshahara wala umeme.

Ushuru wa korosho ghafi unatoka mfukoni mwa nani

Sheria inamtoza anayesafirisha korosho ghafi asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Bei ikizidi dola 1,067 hivi kwa tani, asilimia 15 ndiyo inayotumika. Kwa bei ya dola 1,500 ushuru ni dola 225, sawa na Sh 562 kwa kilo.

Mnunuzi wa nje anayeshindana mnadani ameshatoa kiasi hicho katika hesabu yake kabla ya kutaja bei. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushuru huo analipa mkulima, kwa kupokea bei ndogo kuliko ambayo angeipata. Mbanguaji wa ndani ananufaika, kwa kuwa ananunua kwa bei hiyohiyo iliyoshushwa na yeye halipi ushuru. Kwa kiwanda chetu cha tani 2,500 nafuu hiyo ni Sh bilioni 1.4.

Sasa linganisha. Nafuu ya bilioni 1.4 inamezwa yote na ule mzigo wa bilioni 1.74, na kiwanda kinafungwa ilhali kimelindwa. Badilisha mkopo tu uwe wa kupungua kila mwezi: mzigo unakuwa bilioni 1.18, kinabaki kitu. Ongeza ufundi hadi nzima zifike asilimia 70: mzigo unashuka hadi milioni 725 na karibu nusu ya nafuu inabaki kwa ajili ya mishahara, umeme, usafiri na faida. Hapa ndipo tunaposema bila kusita kwamba kupandisha ushuru zaidi si dawa. Kungemnyima mkulima zaidi ili kufunika mkopo ulioandikwa vibaya.

Ushuru huo kwa miaka mingi uligawanywa, sehemu kubwa ikirudi kuendeleza zao lenyewe. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa ili zote ziende Mfuko Mkuu wa Hazina, baada ya mjadala mkali bungeni ambao wabunge wa kusini walikuwa mstari wa mbele. Tunadhani walikuwa na hoja. Fedha iliyokatwa kwenye bei ya mkulima wa Tandahimba ni fedha ya kujenga ubanguaji wa Tandahimba kabla haijawa ya kitu kingine.

Novemba mwaka huohuo, wanunuzi walipotoa bei chini ya Sh 3,000, Serikali ilisitisha minada, ikatangaza kununua kwa Sh 3,300 na kutuma jeshi kubeba zao. Nia ilikuwa pia kubangua ndani. Uwezo wa kubangua haukuwepo kwa kiasi hicho, na korosho nyingi ikaishia kuuzwa ghafi mwaka uliofuata ikiwa imekaa ghalani. Ubanguaji hauwezi kuagizwa Novemba ufanyike Desemba. Unapangwa miaka miwili kabla.

Walichofanya wengine

Msumbiji ilipunguza ulinzi wa viwanda vyake katikati ya miaka ya 1990 kwa shinikizo la Benki ya Dunia. Viwanda vikubwa vya zamani vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Baadaye bunge likarudisha ushuru kati ya asilimia 18 na 22. Ubanguaji uliofufuka huko miaka ya 2000 haukuwa wa majumba makubwa ya mjini. Ulikuwa wa viwanda vidogo vijijini, Nampula hasa, vikiunganishwa katika kuuza. Mtu wa Newala anaweza kujifunza zaidi Nampula kuliko jiji la Ho Chi Minh, Vietnam.

Ivory Coast ilichukua njia ya tatu: ruzuku ya faranga 400 kwa kila kilo ya korosho karanga iliyosafirishwa, pamoja na kipindi cha wabanguaji kununua kwanza. Kufikia 2023 nchi hiyo ilikuwa ikibangua zaidi ya asilimia 20 ya zao linalozidi tani milioni moja. Kilicho cha kuiga ni kwamba ruzuku inalipwa kwa kilo iliyotoka kiwandani, si kwa jengo. Jengo tupu halilipwi.

Ndani ya kiwanda: mahali fedha inapovunjika

Wapangaji wa mikoa mara nyingi hawaingii kiwandani, na ndiyo maana tunalieleza hili kwa urefu.

Korosho inapofika hukatwa sampuli. Huhesabiwa ni ngapi kwa kilo, hukatwa katikati kwa mkasi, kisha nzuri, zenye madoa na zilizooza hupimwa mbalimbali. Matokeo husemwa kwa ratili (pauni) za korosho karanga kwa gunia la kilo 80. Ratili 48 hadi 52 ni mzigo mzuri. Mzigo wa ratili 44 ulionunuliwa kwa bei ya ratili 50 hauokolewi na mashine yoyote.

Hukaushwa juani hadi unyevu wa asilimia 8 au 9, huwekwa katika magunia ya katani, juu ya vichanja, mbali na ukuta. Magunia ya plastiki yanahifadhi joto na ukungu unaanzia katikati ya rundo, mahali usipopaona hadi Aprili.

Kisha hupangwa kwa ukubwa. Hatua hii hurukwa na viwanda vingi vidogo na ni kosa. Korosho ndogo na kubwa zikipikwa pamoja, ndogo zinaiva kupita kiasi na kubwa zinabaki ngumu. Kwenye mashine ya kubangulia kisu kimepangwa kwa ukubwa mmoja: kubwa hukatwa hadi kwenye karanga (kiini), ndogo hupita bila kufunguka.

Mvuke wa presha ya bar 6 au 7 huingizwa dakika 15 hadi 25 kutegemea ukubwa. Muda ukipungua, ganda halipasuki vizuri. Ukizidi, mafuta ya ganda hupenya na karanga inapata rangi ya kahawia isiyotoka. Baada ya mvuke hupumzishwa saa 12 hadi 24 katika tabaka jembamba. Mpishi mwenye haraka akibangua ikiwa bado ya moto, ganda linapinda badala ya kupasuka.

Kubangua kwa mashine ya mkono na mguu, mfanyakazi mzoefu hutoa kilo 20 hivi za karanga kwa siku. Kiwanda chetu cha kilo 2,000 kwa siku kinahitaji watu 100 hapo. Karanga huingia tanuri la nyuzi 65 hadi 75 kwa saa sita hadi nane, trei zikibadilishwa nafasi, ili ganda la ndani lilegee. Kumenya kwa mkono ni kilo 10 hivi kwa mtu kwa siku: watu 200. Mashine za kumenya kwa hewa hupunguza idadi hiyo sana, lakini huongeza vipande kama karanga imekaushwa kupita kiasi.

Hapo karanga ina unyevu wa asilimia 3 na inavunjika kama biskuti. Lazima irudishiwe unyevu hadi asilimia 4 au 5 kabla ya kupakiwa. Kisha huchambuliwa: W320, ambayo ndiyo lugha ya soko, maana yake ni nyeupe nzima 300 hadi 320 kwa ratili, W240 ni kubwa zaidi, W450 ndogo. Hufungwa katika mifuko ya kilo 11.34 iliyotolewa hewa na kujazwa gesi, miwili kwa katoni.

Zaidi ya nusu ya kuvunjika tunakokuona kunatokana na hatua tatu tu: kutopanga ukubwa, kutopumzisha, na kukausha kupita kiasi. Zote ni ufundi na nidhamu ya saa. Kwa hiyo chuo cha mafunzo cha wiki sita kwa wapishi wa mvuke, wasimamizi wa tanuri na wapanga visu kina faida ya haraka kuliko mkopo wa mashine mpya.

Ganda ni nishati, na ni sumu

Katika tani 2,500 za korosho ghafi, tani 1,750 hivi ni ganda. Ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi, kiasi cha robo au moja ya tano ya uzito wake. Kiwanda kinacholitupa kinachafua udongo na maji ya jirani. Kinacholichoma likiwa na mafuta yake kinatoa moshi mzito unaochoma macho, na lami inaziba mabomba ya boila na dohani. Ndipo wananchi wanapolalamika na msimamizi anarudi kwenye kuni za miombo. Kiwanda kinachojiita cha kijani hakiwezi kupikia kwa msitu.

Utaratibu unaofaa ni kukamua kwanza. Mashine ya skrubu ikitoa asilimia 15 tu, kiwanda kimoja kinapata tani 260 hivi za mafuta ya ganda. Yana soko katika breki za magari, rangi na gundi za viwandani. Mashudu yanayobaki, karibu tani 1,490, yanawaka safi zaidi yakipata hewa ya kutosha na chumba cha moto kikali, na yana joto sawa na kuni kavu tani 1,700 hivi. Hiyo inazidi mahitaji ya mvuke na tanuri kwa mbali. Ziada inaweza kufinyangwa kuwa mkaa wa tofali.

Lakini mtambo wa kukamua hauna faida kwa kiwanda cha tani 300. Hapo ndipo kongani, yaani viwanda kukaa pamoja eneo moja, ina maana. Eneo la Maranje, Nanyamba, ambalo Bodi ya Korosho imelitenga kwa viwanda vya kubangua, lingepaswa kuanza na vitu ambavyo kiwanda kimoja hakiwezi kuvimudu peke yake: mtambo wa pamoja wa ganda, ghala lililothibitishwa, maabara ya kupima sumukuvu na unyevu, kituo cha kufungashia. Vibanda vya viwanda vinaweza kufuata.

Nani anaingia mlangoni

Mtwara ina kumbukumbu ya mwaka 2013. Watu waliingia barabarani Januari na Mei wakipinga gesi ya Mnazi Bay kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na maisha ya watu yalipotea. Madai yao yalikuwa wazi: viwanda vije hapa. Anayekuja na mkakati wa viwanda kusini bila kuanzia kwenye kumbukumbu hiyo hatasikilizwa, na hastahili kusikilizwa.

Wanaobangua na kumenya wengi ni wanawake, wakilipwa kwa kilo. Malipo ya kilo yanaonekana ya haki hadi siku ambayo korosho imepikwa vibaya: mmenyaji anakaa saa nane kwa kilo sita kwa kosa la mtu wa tanuri. Mkataba mzuri unaweka kima cha chini cha siku na kuongeza malipo kwa nzima, si kwa uzito tu. Glovu zinazotoa jasho huvuliwa saa nne asubuhi. Mafuta ya nyonyo mikononi, yakipakwa upya kila mapumziko, ndiyo kinga inayotumika kweli. Chumba cha watoto wachanga si hisani, kinapunguza utoro ambao ndio unaovuruga mstari mzima wa kazi.

Vikundi vya wanawake wabanguaji wa Mtwara na Lindi vina kikwazo kingine: mnadani korosho inauzwa kwa mafungu ya makumi ya tani, nao wanahitaji tano. Wakiitafuta nje ya mnada wanavunja sheria. Tunapendekeza kila chama kikuu kitenge sehemu ndogo ya kila ghala, kwa bei ya mnada wa wiki hiyo, iuzwe kwa vikundi vilivyosajiliwa kwa mafungu ya tani moja. Navyo vifanye hatua wanazoziweza, yaani mvuke, kubangua na kukausha, halafu viuze karanga yenye ganda la ndani kwa kiwanda kikuu kinachomenya, kuchambua na kufungasha. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na masharti ya mnunuzi wa Ulaya vinabebwa na kiwanda kikuu.

Halafu kuna kangomba, yaani kununua korosho ya mkulima nje ya mnada. Mwezi wa Machi chakula kinapokwisha, mkulima anauza korosho ambayo bado haijatoa ua, kwa bakuli, kwa bei ya shida. Kuwakamata wanunuzi wa kangomba, kama ilivyofanyika 2018, kulisukuma biashara gizani tu. Kinachoiua ni AMCOS yenye mfuko wa kukopesha debe chache za mahindi na ada ya shule, ikikata Novemba. Mkulima aliyeuza kwa kangomba hayupo kabisa katika takwimu za bei ya mnada, na ndiye maskini kuliko wote.

Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, tutayataja kwa ufupi. Bibo lina uzito mara tano hadi tisa ya korosho yake, na sehemu kubwa huoza chini ya mti. Kidogo huwa pombe za uraka na nipa. Linaharibika ndani ya saa 24, kwa hiyo juisi lazima ikamuliwe kijijini. Ni fursa ya kweli, lakini ya hatua ya pili.

Misimu minne

Mkoa ukianza na lengo la tani 50,000, hivyo ni viwanda 20 vya ukubwa wa kile tulichokihesabu, au vichache zaidi pamoja na vikundi vingi. Malighafi yake inataka Sh bilioni 150 kila Oktoba. Fedha hiyo itoke benki, korosho yenyewe ikiwa dhamana: benki inamlipa mkulima kupitia mnada, korosho inabaki ghalani chini ya mwendesha ghala, kiwanda kinatoa fungu la mwezi baada ya kulilipia. Hofu ya benki ni bei ya dunia kushuka kati ya Desemba na Julai. Mfuko wa dhamana unaobeba asilimia 20 ya kwanza ya hasara unahitaji Sh bilioni 30. Tani 300,000 zinazosafirishwa ghafi kwa dola 225 za ushuru zinaingiza karibu Sh bilioni 169. Dhamana hiyo ni chini ya moja ya tano ya ushuru wa msimu mmoja, na bei isiposhuka haitumiki.

Msimu wa kwanza usinunuliwe mashine hata moja. Vipima unyevu viende AMCOS, sampuli zikatwe kila ghala, viwanda vilivyopo vikaguliwe kimoja kimoja: asilimia ya nzima, siku za kazi kwa mwaka, aina ya mkopo. Msimu wa pili mfuko wa dhamana ufanye kazi na viwanda vitatu au vinne tu, vikiwa na kipindi chao cha kununua kilichotangazwa kabla ya Juni kwa tarehe na tani. Matamko ya kuwapa wabanguaji kipaumbele yamekuwepo; benki inakopesha kwa tarehe na tani. Msimu wa tatu mtambo wa ganda, vikundi vyenye mafungu ya tani moja, na malipo kwa kilo iliyosafirishwa. Msimu wa nne ndipo lengo la tani 50,000 lipimwe, na kiwanda ambacho kwa misimu miwili hakijafikisha siku 200 za kazi kiondolewe kwenye dhamana, nafasi yake ipewe kingine.

Takwimu tatu zibandikwe ukutani katika ofisi ya kila chama kikuu, kila mwezi: tani zilizobanguliwa, siku ambazo viwanda vilifanya kazi, na malipo ya wastani ya mmenyaji kwa siku.